Maji Katika Giaboksi: Hasara Huanzia Kwenye Kiungo cha Bei Ndogo



Katika mikutano yetu na wafanyakazi wa vyombo vya majini hapa Rubavu, kuna lalamiko moja linalorudi kila mara. Giaboksi imeungua, mwenye chombo amekasirika, na makanika ameambiwa alipe. Hakuna anayeuliza imeungua kwa sababu gani. Lakini ukichunguza, mara nyingi utakuta kwamba ubaya haukuanzia kwenye gia. Ulianzia kwenye kiungo kidogo cha maji ya kupoza: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, bomba lililoliwa na kutu, au chujio ambalo halijafunguliwa kwa miezi mingi.

Kwa hiyo safari hii tumeona tuandike juu ya giaboksi ya injini ya dizeli ya majini na viungo vyake vya kupoza. Tunawaandikia makanika na manahodha, lakini ndugu zetu wa viwandani na wa mashamba ya chai wasigeuze ukurasa. Mashine ya kusokota majani ya chai nayo ina giaboksi, ina oili, na ina mtu anayesingiziwa inapovunjika. Swali la nani atalipa ni letu sote.

ZIWA LISILO NA NAFASI YA KUTIA NANGA

Anayefanya kazi barabarani, gari likiharibika hushuka akaweka matawi nyuma, akatafuta fundi. Anayefanya kazi katika Ziwa Kivu hana pa kushukia. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 480 mahali pake pa ndani kabisa, na sehemu nyingi ukiondoka ufukweni kidogo tu, kina kinakuwa kirefu kuliko kamba yako. Nanga haifiki chini. Giaboksi ikikataa kushika, injini italia vizuri lakini propela haitazunguka, na chombo kitakwenda kule upepo unakotaka.

Tunakumbuka ajali ya MV Merdi, iliyotoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, ikachukua maisha ya makumi ya watu. Lawama ya ajali ile iliangukia kujaza watu kupita kiasi, si giaboksi. Lakini ilitufundisha sote kwamba ziwa hili, hata ukiona bandari kwa macho, halisamehe. Chombo kilichokosa nguvu ya kwenda mbele hakiwezi kugeuza uso wake kwenye mawimbi. Mawimbi yakikipiga ubavuni, abiria wakakimbilia upande mmoja, mambo huharibika kwa dakika chache.

Ndiyo maana tunasema: kazi ya makanika wa chombo ni kazi ya kulinda roho za watu, wala si kupaka oili tu.

GIABOKSI INAFANYA NINI

Giaboksi, ambayo mafundi wengi wa huku huiita bwate, imekaa nyuma ya injini kabla ya shafti ya propela. Ina kazi mbili kubwa. Kwanza hupunguza mwendo. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, giaboksi ya mbili kwa moja hutoa mizunguko 1,000 kwenye shafti, na propela hupata nguvu ya kusukuma maji. Pili hubadilisha upande: mbele, nyuma, au kati, yaani nyutro.

Ndani yake kuna gia, beringi na sahani za klachi. Katika giaboksi nyingi za siku hizi sahani hizo hubanwa kwa nguvu ya oili inayosukumwa na pampu ndogo iliyo ndani. Kwa hiyo oili ya giaboksi haifanyi kazi ya kulainisha peke yake. Ndiyo mkono unaoshika klachi, na ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Oili ikipungua, ikiwa nyepesi kwa joto, au ikichanganyika na maji, mkono ule unalegea. Sahani zinateleza, zinasuguana, zinazidisha joto, na oili inazidi kuharibika. Ni kama deni la riba: likianza halisimami lenyewe.

Joto hilo hutolewa na kipoza oili. Hiki ni chombo kama kopo refu, ndani yake mna vijibomba vyembamba vya shaba. Maji hupita upande mmoja wa ukuta wa vijibomba, oili upande wa pili. Havikutani, ila joto linavuka ukuta. Katika vyombo vingi maji huvutwa kutoka ziwani kupitia koki ya chini, hupita kwenye chujio, kwenye pampu, kwenye vipoza vya giaboksi na vya injini, halafu hutoka nje. Mpangilio hutofautiana chombo na chombo. Makanika mpya afuate mpira wa maji kwa mkono wake kutoka mwanzo hadi mwisho, achore njia yake kwenye karatasi, aibandike ukutani.

MAJI YETU YANA TABIA YAKE

Maji ya Ziwa Kivu si ya chumvi kama ya bahari, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka, kwa sababu chini yake kuna chemchemi zinazotoka katika nchi ya volkano. Mama aliyechemsha maji mara nyingi kwenye birika moja anajua ukoko mweupe unaoshika ndani. Ukoko wa namna hiyo huweza kushika ndani ya vijibomba vya kipoza pia. Ukoko mwembamba huzuia joto kuvuka, na ukoko mnene huziba njia kabisa.

Jambo la pili ni mwinuko. Uso wa ziwa letu uko kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Injini yenye maji yake ya ndani hutegemea mfuniko wa tangi la maji ubane vizuri ili maji yasichemke mapema. Raba ya mfuniko ikichoka, mtu wa pwani anaweza kujikongoja nao. Sisi wa huku tunachemsha mapema zaidi. Na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa hewa hii nyepesi. Nahodha anayelazimisha mzigo ule ule kwa mwendo ule ule anaongeza joto la injini na la giaboksi pamoja.

KISA CHA KIUNGO CHA CHUMA

Tueleze kisa kimoja. Chombo hatukitaji, wala mwenyewe, maana nia yetu ni kufundishana.

Kilikuwa chombo cha mizigo. Kiungo cha shaba kinachoingiza maji kwenye kipoza cha giaboksi kilipasuka. Makanika akaomba kiungo kipya cha shaba. Akaambiwa pesa hakuna, asubiri. Baada ya siku mbili akaletewa kiungo cha chuma, cha aina inayofungwa kwenye mabomba ya nyumba, akaamriwa akifunge ili chombo kiondoke. Akafunga.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila fundi wa maji hulijua. Vyuma viwili vya aina mbili vikigusana ndani ya maji yenye madini, kimoja huliwa ili kingine kipone. Shaba na chuma vikikutana, anayeliwa ni chuma. Kile kiungo kikaanza kuliwa kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje kilionekana kizima. Magamba ya kutu yakabanduka, yakachukuliwa na maji, yakakwama kwenye midomo ya vijibomba vya kipoza. Nusu ya njia ikazibika. Maji yalizidi kupungua, na joto la giaboksi likapanda kidogo kidogo kwa miezi.

Siku moja, wakiwa katikati ya ziwa na mzigo mzito, klachi ikaanza kuteleza. Nahodha akaongeza moto, injini ikalia, chombo hakikwenda. Bahati ziwa lilikuwa limetulia, na chombo kingine kikawavuta mpaka ufukweni. Hakuna aliyekufa. Lakini kesho yake makanika akaambiwa: umeua giaboksi, utakatwa mshahara mpaka iishe bei yake. Bei hiyo ilikuwa mishahara ya miezi mingi.

Kilichomwokoa ni daftari la shule la kurasa 48. Alikuwa ameandika humo tarehe aliyoomba kiungo cha shaba, jibu alilopewa, na tarehe aliyofunga cha chuma, na mtunza stoo alikuwa ametia sahihi. Tulipokaa na mwenye chombo, tukaweka daftari mezani, na kile kiungo kilichooza tukakiweka kando yake. Hatukupiga kelele. Mwenye chombo alisoma, akanyamaza, akakubali kulipa matengenezo mwenyewe. Makanika yupo kazini.

KAZI YA KILA SIKU

Kabla ya kuwasha injini, makanika afanye haya:

Afungue koki ya chini na ahakikishe imefunguka. Atazame chujio, majani na vipande vya plastiki havina adabu. Apime oili ya giaboksi kwa kijiti chake. Hapa tahadhari: giaboksi nyingine hupimwa injini ikiwa imezimwa, nyingine ikizunguka polepole kwenye nyutro. Fuata kitabu cha mtengenezaji, si mazoea ya chombo cha jirani. Oili nayo ni hivyo hivyo. Nyingine hutaka oili ya injini, nyingine hutaka oili nyepesi ya giaboksi za kujibadilisha zenyewe. Usichanganye.

Kijiti kinasema mengi kwa anayejua kukisoma. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi inateleza. Ikimeta kama ina unga wa chuma, gia au beringi inaliwa. Katika hali yoyote ya hizo usiondoke. Kuongeza oili juu ya oili mbaya ni kumfunika mgonjwa blanketi bila kumpa dawa.

Injini ikiwaka, tazama maji yanayotoka nje. Yakiwa machache kuliko kawaida, zima na utafute. Pampu ya maji ina gurudumu dogo la mpira lenye mapezi. Likizunguka bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Pezi likikatika, hesabu vipande. Kipande kisichoonekana kimekwenda mbele na kimekwama kwenye kipoza kinachofuata. Wengi hubadilisha gurudumu wakasahau kipande, kisha wanashangaa joto halishuki.

Ukitaka kubadilisha kutoka mbele kwenda nyuma, punguza mwendo kwanza, pita nyutro, ngoja kidogo, ndipo uingize. Nahodha anayerusha gia kwa moto mkubwa ili awaonyeshe abiria umahiri wake, anawaonyesha namna ya kuvunja klachi.

KAZI YA KILA WIKI NA KILA MSIMU

Kila wiki pitisha mkono kwenye mipira yote. Mpira uliovimba, uliolainika au wenye nyufa ubadilishwe. Viungo vilivyo chini ya usawa wa maji vifungwe klipu mbili, si moja, na wala si waya. Mipira ya oili iwe mipira ya oili. Mpira wa maji ukifungwa kwenye oili ya moto utalainika na kupasuka.

Unapolegeza au kukaza kiungo cha kipoza, tumia spana mbili: moja ishike kiungo cha kwenye kipoza, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja utasokota shaba na kupasua sehemu iliyochomelewa kwa risasi, nawe utaona uvujaji baada ya siku kadhaa, wakati umeshasahau.

Vipoza vingi vina kipande cha zinki, ambacho kimewekwa makusudi kiliwe badala ya shaba. Kitoe, kikwangue, kikiisha kibadilishwe. Katika maji yasiyo ya chumvi zinki huweza kujifunika ngozi ngumu ikaacha kufanya kazi. Kwa maziwa watengenezaji wengi hushauri kipande cha magnesiamu. Ulizeni kabla ya kununua.

Mara kwa mara, kwa saa zilizoandikwa kitabuni, kipoza kifunguliwe na kusafishwa. Ukoko huyeyuka kwa siki au asidi ya limau iliyochanganywa na maji vuguvugu, kisha husuuzwa vizuri. Msitumie maji ya betri, maana huchoma macho na ngozi na huharibu kipoza. Baada ya kusafisha, ziba midomo ya upande wa oili, tia hewa kidogo, uzamishe kipoza kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakitoka, kuna tundu.

Tundu hilo lina ujanja wake. Injini ikifanya kazi, oili kwa kawaida ina msukumo kuliko maji, hivyo oili hutoka kuelekea ziwani na utaona mafuta yanang'aa juu ya maji. Injini ikizimwa usiku, maji nayo hurudi kuingia kwenye oili. Ndiyo maana oili inayopungua bila kuvuja nje, na baadaye kuwa kama maziwa, ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Na chombo kikivutwa kwa kamba injini ikiwa imezimwa, fungeni shafti isizunguke. Katika giaboksi nyingi, propela inayozungushwa na maji huzungusha gia wakati pampu ya oili imelala.

USALAMA WA MWENYE SPANA

Usiingize mkono mpaka injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Oili ya giaboksi iliyotoka kazini inaunguza, ngoja ipoe. Usifungue mfuniko wa tangi la maji likiwa la moto. Usiwashe injini katika chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu. Oili chafu na maji ya ngama yenye mafuta, yaani yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, yasimwagwe ziwani. Sambaza tunazokula zinatoka humo, na wako majirani zetu wanaochota maji humo.

Sheria ya Kazi ya Rwanda namba 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inamtaka mwajiri ahakikishe afya na usalama mahali pa kazi na atoe vifaa vya kujikinga. Nasi sheria inatutaka tuvitumie. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ana haki ya kuamini kuna hatari kubwa ya karibu kwa maisha yake, alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Kuondoka na giaboksi yenye oili ya rangi ya maziwa, mna abiria ndani, ni hatari ya namna hiyo.

TUNADAI NINI

Ndugu, matajiri wengine husema chama kinafundisha watu kukataa kazi. Sivyo. Giaboksi nzima ni riziki ya tajiri na ni riziki yetu. Tunachotaka kizungumzwe katika kila chombo, na kwa mfano wake katika kila kiwanda, ni hiki:

Kwanza, kila chombo kiwe na daftari la matengenezo. Tarehe, saa za injini, hali ya oili, joto, kilichobadilishwa, kilichoombwa na jibu lililotolewa. Anayeomba atie sahihi, na anayejibu atie sahihi.

Pili, kiwe na vipuri vya akiba ndani: gurudumu moja la pampu, mpira wa kila kipimo, klipu, viungo vya shaba, na oili ya kutosha kujaza giaboksi mara moja. Vitu hivi vyote havifikii bei ya giaboksi.

Tatu, kitabu cha mtengenezaji kiwepo, na makanika asomewe kwa lugha anayoielewa.

Nne, mtu asikatwe mshahara kwa chombo kilichoharibika kabla ya sababu kutafutwa, mjumbe wa wafanyakazi akiwepo.

Msingojee mkutano mkuu. Daftari mnaweza kulianza kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Asiyejua kuandika vizuri amwombe kijana aliye naye, maana kuandika vibaya si aibu. Na mkikutana na jibu la "pesa hakuna, funga hicho hicho," andikeni jibu hilo nalo, neno kwa neno, na tarehe yake. Kisha mwiteni mjumbe wenu.

Umoja ni nguvu.